Anayetajwa Asomewe Kwanza

Mkiniita mstaafu mnacheka, na mimi nacheka nanyi, maana sijafika hata miaka thelathini. Lakini daktari aliniangalia vifundo vya mikono, akavibonyeza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nachapa. Akasema, basi acha. Nikaacha. Sasa nauza vitambaa na shangazi yangu Fordsburg, hapa Johannesburg, ambako kosa langu hupimwa kwa mita, na nyinyi mmebaki na kazi niliyoiacha: kukaa na mtu anayeandika vitabu, kusikiliza anachosema, kukiweka kwenye kompyuta, kumsomea tena. Mmeniomba niwaeleze nilichojifunza huko. Nimeanza mara nyingi nikafuta. Huu mwanzo nimeamua siufuti, hata kama una matege.

Niseme wazi kabla hamjaniwekea heshima nisiyostahili. Hakuna chuo kilichonifundisha. Mama yangu ni mtu wa Mwanza, ana saluni Rosettenville, na kuchapa nilijifunzia pale saluni, kwenye kompyuta ya zamani iliyokaa kati ya mafuta ya nywele na birika la chai. Jumapili nilikuwa mkalimani kanisani: mchungaji anahubiri Kiswahili, mimi namfuata kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa ambao wakiambiwa kitu kwa Kiswahili wanaelewa lakini wanajibu kwa Kizulu. Zaidi ya hapo nilikuwa na wasiwasi tu. Mimi ni mtu ninayeandika "nimefika salama" na kuusoma ujumbe huo upya kabla ya kuutuma, nisije nikawa sijafika vizuri.

Ndivyo nilivyompata Mama Nora. Mama Nora ni Mwairishi. Alikuja Afrika Kusini akiwa msichana, kufundisha shule, akawaambia watu wa kwao kwamba atakaa miaka miwili. Alipoingia saluni kwetu alikuwa amepita themanini, amemzika mume wake hapahapa Johannesburg, na ameandika vitabu vya mashairi na vya insha vilivyochapishwa kwao na kusomwa hukohuko kwao. Mtaani kwetu hakuna aliyejua habari hizo. Alijulikana kama yule bibi mzungu mwenye mbwa kiziwi.

"Mama Neema," alisema siku moja, kichwa kikiwa kwenye beseni, "macho yangu yananiacha. Natafuta mtu wa kuniandikia."

Mama hakuniuliza. "Mchukue huyu. Huyu hata bango la bei la jirani analivamia na kalamu kulirekebisha."

"Hana kazi nyingine?"

"Kazi yake nyingine ni kuwa na wasiwasi."

Siku ya kwanza nyumbani kwake nilikaa mbele ya kompyuta nimenyooka kama askari. Alisema sentensi, nikaichapa, nikaona nimekosea herufi, nikarudi nyuma. Alisema nyingine, nikarudi tena. Alikuwa haoni skrini, ila alisikia vidole vyangu vikipiga kile kitufe cha kufuta. Akanyanyuka, akaenda jikoni akipapasa ukuta, akarudi na taulo la kufutia vyombo, akalitandaza juu ya skrini.

"Sasa andika."

"Mama, sioni."

"Hata mimi sioni. Tuendelee."

Nilitaka kulia. Lakini jioni tulipolifunua taulo, ukurasa ulikuwa na makosa mengi ya vidole na hakuna wazo hata moja lililopotea. Kabla ya hapo nilikuwa nasahihisha herufi moja huku sentensi nzima inapita juu ya kichwa changu. Wadogo zangu, hiki ndicho cha kwanza. Kuandika ni zamu moja, na kusahihisha ni zamu nyingine. Ukizichanganya utachoka mapema na utakuwa umesikia nusu. Kama huna taulo, punguza mwanga wa skrini hadi iwe nyeusi.

Mashairi yalinitesa zaidi. Insha na kumbukumbu zina nukta, unajua mtu amefika. Shairi alilisema akitembea kati ya dirisha na mlango, na mimi sikujua mstari unakatika wapi. Nilimuuliza kila mara mpaka akasema, "Sikiliza ninapovuta pumzi." Kwa kuwa napenda vitu vilingane, nilipofika nyumbani niliipanga mistari yote iwe na urefu mmoja, ikapendeza macho kama safu ya matofali. Kesho yake nikamsomea. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Neema, unatangaza ndege inayochelewa?"

Tukarudia, nikawa naweka alama kila anapovuta pumzi. Mistari ikawa mirefu na mifupi bila mpango, nikaichukia kwa macho, lakini nilipoisoma kwa sauti ilisimama yenyewe. Tangu siku hiyo sikuwahi kumkabidhi mtu ukurasa ambao sijausoma kwa sauti, nikiwa peke yangu, chumba kingine. Mdomo unajikwaa mahali ambapo macho yamepita bila kuona kitu.

Nyinyi mna programu zinazoandika zenyewe mtu anaposema. Mimi nilianza na kinasa sauti kidogo, nikaja kwenye simu, na mwishoni nilizitumia programu hizo pia, mikono ilipoanza kuuma. Sizitukani. Lakini programu inafuta kusita. Mama Nora akisema jina la kijiji chao alikuwa anasimama kidogo kabla ya kulitaja, kila mara, na programu ikaunganisha kana kwamba hakusimama. Kwa hiyo nilisikiliza sauti upya na kuurudisha ule mwanya. Fanyeni hivyo. Inachosha, lakini msomaji anahitaji kujua mtu alisimama wapi.

Sasa niwaambie kuhusu kanuni yake, maana ndiyo iliyoniondolea usingizi na ndiyo iliyonipa heshima kidogo niliyo nayo. Mama Nora aliwaandika watu aliowajua. Zamani, kabla hajawa na kanuni yoyote, aliandika shairi kuhusu jirani yao wa kijijini, na yule jirani akalisikia kwa watu dukani wakati ananunua mkate. Hakuwahi kumsalimia tena. Baada ya hapo akajiwekea sheria: anayetajwa akiwa hai, asomewe kwanza. Hana ruhusa ya kufuta, ila ana haki ya kusikia kabla ya wengine, na atakachosema kitafikiriwa. Aliyepewa kazi ya kusoma ni mimi. Na kwa kuwa watu wengi aliowaandika walikuwa majirani zetu, nilisoma kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo kama kanisani.

Wa kwanza alikuwa Papa Deo, fundi nguo kutoka Bukavu mwenye cherehani Doornfontein na chumba mtaani kwetu. Mama Nora alikuwa amemwandika kwenye insha kuhusu watu wanaofungua maduka alfajiri. Tulikaa watatu kwenye kibaraza, nikasoma, na Papa Deo akasikiliza amefumba macho, anatabasamu, mpaka nilipofika kwenye suruali.

"Rudia pale."

"Anasema suruali yako imepauka magotini."

"Suruali? Ya mimi? Fundi?" Akapiga meza. "Non, non, non. Mutu akisoma ile, atanipatia tena nguo yake nishone? Anataka niuze nyanya?"

Mama Nora akauliza amesema nini. Nikamjibu, kwa Kiingereza changu cha adabu, kwamba Papa Deo anapendekeza badiliko dogo.

"Mtu anayependekeza hapigi meza," alisema Mama Nora. "Niambie alivyosema."

Nikamwambia vyote, pamoja na nyanya. Akacheka, akafikiri, akasema suruali itaondoka, kwa sababu kweli inaweza kumharibia kazi mtu, lakini ile sehemu inayosema Papa Deo huongea na cherehani yake kwa Kifaransa ibaki. Papa Deo akasema hiyo ni haki, cherehani haielewi lugha nyingine. Kisha akaomba waweke na jina la duka. Mama Nora akakataa. Basi angalau namba ya simu? Akakataa. Walipeana mikono wote wawili wakiwa wameshinda. Nami nilijifunza kwamba mkalimani anayelainisha maneno anawanyima wote wawili: mmoja hasikiki, na mwingine anajibu kitu ambacho hakikusemwa.

Habari zikaenea. Watu wa kanisani wakaanza kuomba kusomewa hata visivyowahusu, na mara nyingine baada ya ibada nilisoma insha nzima. Siku niliyosoma kuhusu utoto wake nilikwama kwenye neno la kile walichokuwa wanachoma kwao, nikaeleza kwa maneno: ni udongo mweusi wa bondeni, unakatwa kama tofali, unaanikwa, unachomwa jikoni.

"Walipikia udongo?" akauliza mama mmoja Mkenya, mhasibu, mtu makini.

"Wazungu?" akauliza mwingine nyuma yake.

"Eish," mama yangu akasema, "si wangesema, tuwapelekee mkaa."

Nilipompelekea Mama Nora maneno hayo alisema kwamba katika miaka yake yote nje ya nchi yake hakuna aliyewahi kumhurumia kwa kitu sahihi. Akaniomba nimwambie mama yangu asante. Mama akajibu kwamba mkaa bado upo.

Nimewachekesha vya kutosha. Kitabu changu cha mwisho na Mama Nora kilikuwa kumbukumbu za maisha yake, na ndani yake kulikuwa na sura kuhusu mazishi ya mama yake. Mama huyo aliumwa wakati Mama Nora yuko huku. Dada yake, Maura, ambaye hakuwahi kutoka kijijini, alimpigia simu akamwambia asije, mgonjwa anaendelea vizuri. Mama Nora akakaa. Siku chache baadaye mgonjwa akafa, akazikwa, na yeye akafika wakati kaburi limeshaota majani. Tangu hapo wale dada wawili walitumiana kadi za Krismasi zenye sahihi tu. Sura ile aliisema kwa mkupuo mmoja, bila kutembea, ameshika ukingo wa meza. Mstari mmoja ulisema hivi: Dada yangu alinifungia mlango wa nyumba yetu kwa simu.

Niliuchapa. Kisha nikauliza, "Maura yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi tutampigia lini?"

"Maura ana masikio mazito."

"Simu za siku hizi zina sauti kubwa, mama."

"Neema, wewe ni karani au padri?"

"Karani."

"Basi andika."

Nikaandika, na sikumsukuma. Ukweli ni kwamba na mimi niliogopa. Niliogopa nitasoma, yule bibi atakata simu, na itakuwa sauti yangu iliyomsomea. Kwa hiyo nikatafuta koma za kurekebisha. Mama Nora naye akakumbuka sura nyingine zinazohitaji kupitiwa upya: safari ya meli, darasa lake la kwanza, paka fulani. Kila mmoja alimfichia mwenzake hofu nyuma ya kazi. Mchapishaji wa kwao alikuwa anauliza kitabu kila wiki, na mwishowe akasema anakitaka Ijumaa. Na mpwa wao alikuwa ameandika kwamba Maura amehamia nyumba ya kutunzia wazee na siku zake nzuri zinapungua.

Aliyetufungua ni Papa Deo. Alikuja kumpima Mama Nora gauni, akaniuliza kwa Kiswahili kama kile kitabu kimeisha.

"Bado."

"Inabaki nini?"

"Kumsomea dada yake, Maura. Hataki."

Akashusha futi ya kupimia. "Ah non. Suruali ya mimi ilisomwa, mutaa muzima ukasikia. Dada yake ya tumbo moja, yeye hapana?"

Mama Nora alikuwa amelisikia jina. "Anasema nini?"

Ningeweza kusema anaongelea mikono ya gauni. Nikamwambia neno kwa neno, na suruali nikaiweka. Alinyoosha mikono apimwe, akapimwa hadi mwisho, akamshukuru Papa Deo, na mlango ulipofungwa akasema, "Tafuta namba ya mpwa wangu."

Tulipiga alasiri iliyofuata. Kule kwenye nyumba ya wazee, mpwa akaiweka simu kwenye mto wa kitanda cha Maura na kutoka. Mimi nikajitambulisha kwa sauti ya kanisani, nikaanza kusoma ukurasa wa kwanza wa ile sura. Sikumaliza aya.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa kama ya Mama Nora, ila kavu zaidi.

"Naitwa Neema. Mimi ndiye ninayemwandikia dada yako."

"Simjui Neema. Nora hana mdomo?"

Mama Nora akainama kwenye simu. "Maura, sioni maandishi tena."

"Na mimi sisikii vizuri, na nimekaa hapa nasikiliza. Soma."

Nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nilimnong'oneza Mama Nora sentensi moja sikioni, akaisema kwenye simu. Nikanong'ona nyingine, akaisema. Tukaenda hivyo kama kanisani Jumapili, tukapita hospitali, ile simu ya kwanza, na tiketi ambayo haikununuliwa. Tulipofika kwenye ule mstari wa mlango nilinong'ona, na hakusema kitu. Nikanong'ona tena. Kisha akausema wote, polepole, bila kulainisha.

Nilianza kuhesabu makosa yangu yote ya maisha.

"Ni kweli," Maura akasema. "Nilikwambia usije, na nilijua anakufa. Nilitaka nimzike mwenyewe. Wewe ulikuwa na dunia nzima, Nora. Mimi nilikuwa na mama tu."

Mama Nora akaisogeza simu karibu.

"Usibadilishe neno," Maura akaendelea. "Na hayo niliyosema sasa yaweke pia, yakae karibu na ya kwako. Endelea."

Tukaendelea mpaka mwisho wa sura. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kupumua. Maura akakohoa, akauliza, "Kitabu kina kurasa ngapi?"

Mama Nora akanigeukia. "Karibu mia tatu," nikasema, na akamwambia.

"Na mimi nimo kwenye ngapi?"

Nilikijua kile kitabu kuliko ninavyoijua saluni ya mama. Nilinong'ona jibu nikitamani lingekuwa jingine.

"Nne," Mama Nora akasema.

"Mia tatu, na mimi nne. Na zote nne nimesimama mlangoni nakuzuia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekagua kazi ya fundi. "Tumelala kitanda kimoja mpaka ulipoondoka. Hicho kitanda umekiweka kwenye kitabu gani? Kesho wataniletea simu saa hizihizi. Uje na kitu." Akakata.

Mama Nora alibaki ameshika simu iliyokwishakatika. Baadaye akaniuliza mchapishaji anataka kitabu lini.

"Ijumaa, mama. Keshokutwa."

"Mwandikie kwamba hakijaisha."

Nikaandika barua pepe hiyo na kuituma bila kuisoma tena. Kisha akasogeza kiti karibu na dirisha, akavuta pumzi, akaanza sura mpya. Kitanda kilikuwa cha chuma, alisema, chini ya dirisha linalovuja, na Maura alikuwa analala upande wa ukutani. Tulifanya kazi mpaka vidole vyangu vikawaka moto.

Kesho yake alasiri nikanong'ona, na Mama Nora akasema ule mwanzo kwenye simu. Hatukuvuka sentensi ya kwanza.

"Upande wa ukutani ulikuwa wako," Maura akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naanguka."